Metali umeweka, nyumba bado nzito: jinsi ya kutafuta kosa katika feng shui ya nyumbani

Malalamiko ninayoyasikia kuliko mengine yote ni haya: "Nimetundika kengele za upepo, nimefunga sarafu sita nyuma ya mlango, nimeweka bakuli la shaba sebuleni, na nyumba bado nzito." Anayesema hivyo huwa anataka kujua aongeze nini. Karibu kila mara namjibu asiongeze kitu. Ahesabu kwanza alivyonavyo, ajue kila kimoja kinamfanyia kazi gani, ndipo tuzungumze.

Naelewa kwa nini metali hukimbiliwa. Mmea lazima uumwagilie, maji lazima uyabadilishe, mshumaa lazima uulinde. Metali unaiweka na kuondoka. Ndiyo maana inarundikwa kila kona bila mtu kujiuliza inapunguza nini hapo ilipo, na kila metali uliyoiweka inapunguza kitu, hata kama hukukikusudia.

Hapa chini nimepanga mambo kwa dalili. Kila dalili ina sababu zake kwa hesabu ya feng shui, na ina mambo ya kawaida ya kukagua kabla hujafika huko, kwa sababu uzito wa chumba mara nyingine ni unyevu ukutani au dirisha lisilofunguka. Feng shui ni mapokeo ya Wachina ya kusoma mahali na kupanga makazi. Si tiba ya mwili. Aliye mgonjwa aende kwanza kwa daktari. Bakuli la chumvi litamsubiri.

Kazi yenyewe ya metali

Elementi ni tano: mti, moto, udongo, metali na maji. Mti hulisha moto. Moto huacha majivu, nayo ni udongo. Udongo hubeba metali tumboni mwake. Metali huleta maji, na ukitaka kuona picha yake tazama matone yanavyojikusanya juu ya kitu cha chuma kilichopoa usiku kucha. Maji hulea mti. Huo ni mzunguko wa kuzaa. Upo pia wa kutawala: mti hupasua udongo kwa mizizi, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha metali, metali hukata mti.

Wengi huishia hapo. Uhusiano wa tatu, ambao ndio moyo wa dawa za metali, wanaupita tu: anayezaa huchoka. Udongo unaozaa metali hutoa nguvu zake kumpa mtoto, na mtoto akiongezeka, mama anapungua. Kwa hiyo ukitaka kupunguza udongo uliozidi bila vita, unaweka metali iunyonye taratibu.

Sasa utaona kwa nini metali inatajwa sana. Katika mfumo wa nyota zinazoruka, yaani namba 1 hadi 9 zinazohama kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine kadiri miaka inavyopita, kila moja na elementi yake, nyota zinazoogopwa kuliko zote ni 5, inayohusishwa na misukosuko, na 2, inayohusishwa na maradhi. Zote mbili ni za udongo. Metali ni dawa ya hizo, na haikuwahi kuwa dawa ya kila kitu.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Kwenye elementi tano msemo huo utakupoteza. Hapa dawa ya moto ni udongo, dawa ya udongo ni metali, dawa ya metali ni maji. Nyonya kabla hujapigana. Nimejifunza kwa nyumba nyingi kwamba mtu akishika kanuni hii moja, nusu ya makosa yanayofuata hayafanyi.

Dalili: hakuna kilichobadilika kabisa

Anza na swali linaloonekana la kitoto: je, ulichoweka ni metali? Sanamu nyingi za rangi ya dhahabu ni plastiki ngumu iliyopakwa rangi, na fremu nyingi za "shaba" ni ubao. Kwa kanuni za feng shui rangi nyeupe, kijivu na dhahabu huamsha metali kidogo, na umbo la duara pia. Lakini kwa nyota 5 mapokeo hutaka metali halisi, nzito, na ikiwezekana yenye mlio au mwendo.

Jaribu hivi. Gonga kwa kucha: shaba hulia na mlio wake hukawia, plastiki hutoa sauti fupi ya kufa. Kisha weka sumaku. Shaba nyekundu haivutwi, wala ile ya manjano iliyochanganywa na zinki. Sumaku ikinata, ndani kuna chuma kilichovikwa ngozi ya shaba. Hiyo nayo ni metali, kwa hiyo usiitupe, ila ujue kwamba ngozi ikichubuka kutu itafuata. Ukiwa bado una shaka, pima uzito wake kwa mizani, halafu kizamishe kwenye chombo kilichojaa maji hadi ukingoni na upime maji yaliyomwagika. Shaba ya manjano yenye gramu 850 humwaga takriban mililita 100. Chuma ni kama gramu 7.8 kwa kila mililita, alumini ni 2.7 tu, na plastiki ngumu kwa kawaida haifiki hata 2. Kama kitu kina uwazi ndani, hakikisha maji yanaingia na hewa inatoka, la sivyo hesabu itakudanganya.

Kitu kikiwa metali kweli, swali linalofuata ni mahali, na hapa ndipo makosa mengi yamejificha. Dunia imegawanywa pande nane za nyuzi 45 kila moja. Kusini huanzia nyuzi 157.5 hadi 202.5, Magharibi huanzia 247.5 hadi 292.5. Ukikosea kidogo karibu na mpaka, dawa yako iko kwa jirani.

Kinachokosesha ni dira kusomwa karibu na chuma. Kwangu mimi nilisimama kwenye kizingiti cha mlango wa chuma, sindano ikaniambia nyumba inatazama Kusini-Magharibi. Nikarudi nyuma hatua nne, uwanjani, sindano ikateleza yenyewe hadi Kusini. Nilikuwa nimekaa miezi mingi na dawa za upande usio wangu. Nondo ndani ya zege, friji, gari lililoegeshwa, spika, hata kava la simu lenye sumaku, vyote huvuta sindano. Ndugu yangu, vua saa na bangili, toa simu kwenye kava, soma sehemu tatu tofauti ukiwa mbali na ukuta, na ukubali kipimo pale tu sehemu hizo zinapokubaliana. Kaskazini inayotumika ni ile ya sumaku, ndiyo inayosomwa na dira ya kimapokeo, luopan, kwa hiyo programu ya simu isiwekwe kwenye kaskazini ya ramani.

Halafu kuna mwaka. Nyota za mwaka huhama, na mwaka wa feng shui hauanzi Januari mosi. Huanza karibu na tarehe 4 Februari. Mwaka 2024 nyota 5 ilikuwa Magharibi. Mwaka 2025 ikahamia Kaskazini-Mashariki, mwaka 2026 iko Kusini, na mwaka 2027 itakuwa Kaskazini. Mtu aliyeweka kengele zake Magharibi mwaka 2024 na kuziacha hapo, mwaka 2026 anakuta Magharibi imetembelewa na nyota 3, ambayo ni mti. Dawa yake ya jana imekuwa shoka.

Sababu ya nne ni majirani wa ile metali. Kusini ya 2026 ni mfano mzuri, na nataka tukae hapo kidogo. Kusini kwa asili ni makao ya moto. Moto huzaa udongo, kwa hiyo nyota 5 ikifika Kusini inakuta inalishwa. Ukipeleka metali huko, moto wa mahali unaiyeyusha kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana watu huweka metali Kusini na kulalamika kwamba haisaidii. Cha kwanza ni kupunguza chakula: ondoa mapazia mekundu, mishumaa, taa kali zisizo za lazima na mapambo yenye ncha za pembetatu. Kisha weka metali nzito, ya kutosha, badala ya sarafu tatu kwenye chumba kipana. Mwaka 2027 mambo hugeuka. Nyota 5 ikiwa Kaskazini, kwenye makao ya maji, metali inakaa katikati kama daraja: udongo unaizaa, nayo inazaa maji. Kiasi kidogo hufanya kazi kubwa zaidi, na ugomvi wa udongo na maji unapoa.

Jambo moja linaloniuma kila nikiliona: nyota 5 hutakiwa iachwe itulie, pasichimbwe wala kupigwapigwa. Halafu mtu anachukua mashine ya kutoboa, anatoboa dari ya upande uleule ili atundike dawa. Mwaka 2026 ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni mwaka wa Farasi, na Tai Sui, anayehesabiwa kuwa bwana wa mwaka, naye amekaa Kusini. Tumia stendi, tumia ndoano iliyokuwepo tangu zamani, au weka kitu mezani.

Dalili: nyumba imekuwa baridi na watu wanaongea kwa mkato

Hii ni metali iliyozidi. Tazama chumba kwa macho ya mgeni: meza ya kioo yenye miguu ya chuma, kuta nyeupe, sakafu ya vigae vya kijivu, fremu za fedha, saa ya duara, na juu ya yote hayo kengele na mabakuli ya dawa. Piga makofi mara moja. Sauti ikirudi kali, chumba kinarusha kila neno. Hilo halihitaji imani yoyote: sehemu ngumu na tupu hurudisha sauti, na watu hupunguza maneno mahali ambapo kila sauti huumiza sikio. Wasomaji wa elementi huhusisha metali na ukali, hukumu, ukamilifu na huzuni, na chumba kama hiki humfanya mtu aamini.

Kosa la kwanza hapa ni kuita moto: "Metali imezidi, basi nitaweka rangi nyekundu." Ni kweli moto hutawala metali, lakini umeleta polisi ndani ya nyumba yenye huzuni. Nyonya kwa maji. Maji si lazima yawe ya chemchemi. Bluu iliyokolea, nyeusi na maumbo ya mawimbi yote ni maji. Zulia moja la bluu nzito, lenye manyoya, linafanya mawili kwa pamoja: linanyonya metali na linameza mwangwi. Baada ya maji, ingiza mti, yaani kitambaa cha pamba, kabati la mbao, mmea wenye afya, ili yale maji yapate pa kwenda.

Lakini kabla ya kununua zulia, toa vitu. Nimewahi kuhesabu vipande 19 vya metali katika chumba kimoja ambacho mwenyewe alisema kina "dawa mbili tu". Alikuwa amehesabu vile alivyovinunua kwa jina la feng shui. Viti, taa na fremu hakuvihesabu.

Dalili: ugomvi umeongezeka tangu kengele zitundikwe

Angalia kama umezitundika kwenye nyota 3. Nyota hii ni ya mti, nayo huhusishwa na kelele, mashtaka na maneno makali. Metali hukata mti, na mti uliokatwa haufi kimya. Kengele za upepo ni metali inayogonga metali, na mlio wake hauishi. Shusha. Dawa ya mti uliozidi ni moto: taa yenye mwanga wa joto, kitambaa chekundu. Mwaka 2026 upande wa kutazama ni Magharibi, ambako mti umeingia nyumba ya metali na ugomvi upo hata kabla hujaongeza chochote.

Uwezekano mwingine ni nyota 6 na 7 kukutana, moja ya mwaka na nyingine ya ramani ya nyumba, ile isiyohama kila mwaka, inayotokana na kipindi nyumba ilipojengwa na upande inaotazama. Zote ni metali. Mapokeo huuita mkutano huo mgongano wa panga. Hapo tena hutaki kengele, unataka maji.

Na uwezekano wa kawaida kabisa ni kwamba kengele zinalia usiku na watu hawalali. Funga ulimi wake kwa uzi kwa siku tatu, uone. Wakipatana, umeipata sababu.

Dalili: maji ya chumvi yamegeuka rangi, na chumvi inatambaa nje

Dawa ya maji ya chumvi ni ya zamani na rahisi: chombo cha kioo au kauri, chumvi nyingi, sarafu sita juu yake, maji karibu hadi ukingoni, kisha kinaachwa upande wa nyota 5 au 2 mwaka mzima. Sita ni namba ya Qian, alama ya Kaskazini-Magharibi na ya metali nzito, ndiyo maana ni sarafu sita. Zile za Kichina zina duara lenye tundu la mraba katikati, mbingu nje na ardhi ndani.

Wiki chache baadaye unakuta ukoko mweupe umepanda ukutani mwa bakuli kama barafu, umeruka ukingo na kuanza kushuka upande wa nje. Ukiukaribia unaona umejengeka kwa vitawi vidogo kama koliflawa, na ukiugusa ncha zake bado zina unyevu. Watu hushtuka. Wengine huambiwa kwamba hiyo ni nguvu mbaya iliyonaswa, na kadiri inavyopanda ndivyo nyumba ilivyokuwa mbaya. Mimi siisomi hivyo, na naomba nawe usijitie hofu. Maji ya chumvi hupanda kwenye ukuta wa chombo, hukauka na kuacha chembe, na chembe zile hufyonza maji mengine na kuyapandisha juu zaidi. Yatafanya hivyo upande wowote wa nyumba. Weka sahani pana chini yake, paka mafuta mazito ya kujipaka kwenye ukingo wa ndani kabla ya kujaza, ongeza maji yanapopungua, na usiweke juu ya kabati la mbao au karibu na televisheni na nyaya. Chumvi haina urafiki na vitu hivyo.

Rangi nayo inasema kitu. Maji yakiwa ya kahawia, sarafu zako ni za chuma kilichopakwa rangi na zinaoza kwa kutu, badilisha. Yakiwa ya kijani au bluu, shaba inayeyuka kidogo kidogo. Hilo ni la kawaida, lakini maji hayo ni sumu kwa mtoto au mnyama akiyanywa, kwa hiyo yakae mahali wasipofika, na siku ya kuyamwaga usiyamwage kwenye mimea. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi ningeacha kabisa dawa hii na kuweka bakuli zito la shaba kavu.

Shaba kavu nayo huingia weusi na madoa ya kijani, hasa karibu na bahari au bafu. Isugue kwa ndimu na chumvi, isuuze vizuri, ikaushe papo hapo. Metali chafu huhesabiwa kuwa dawa iliyolala.

Dalili: mimea ya Mashariki inanyauka

Kwanza udongo wa chungu: ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukitoka na tope, umezidisha maji. Kisha mwanga. Mimea mingi ya ndani hufa kwa hayo mawili, na shaba ya jirani haihusiki.

Kama hayo yako sawa, tazama kilicho karibu. Mashariki na Kusini-Mashariki ni nyumba za mti, na metali nyingi huko ni kuweka msumeno kitaluni. Ihamishe. Kama haihamishiki, kwa mfano kabati kubwa la chuma, weka kitu cha maji kati yake na mmea: metali italisha maji, maji yatalisha mti, na waliokuwa maadui watakuwa wamepata mpatanishi.

Dalili: kipato kimezubaa baada ya "kuweka mambo sawa"

Sababu za fedha ni nyingi na nyingi haziko kwenye kuta. Lakini kosa hili la feng shui ni la kweli na halitajwi vya kutosha: nyota 8, iliyotawala kipindi cha 2004 hadi 2023 na ambayo bado huhesabiwa kuwa njema kwa mali, ni ya udongo. Metali haichagui. Inanyonya udongo mbaya, na inanyonya udongo mwema vilevile. Aliyeweka mnara wa metali juu ya nyota yake ya 8 ameunyonya mfuko wake mwenyewe. Mwaka 2026 nyota 8 ya mwaka iko Mashariki, kwa hiyo metali iliyoko huko inakosea mara mbili: inakata mti wa mahali na inachosha udongo wa mgeni. Mahali pa 8 panataka moto wa kiasi, kwa kuwa moto ndio mama wa udongo.

Dalili: jiko liko Kaskazini-Magharibi, na kila metali unayoongeza haishiki

Kaskazini-Magharibi ni upande wa metali na wa baba au kiongozi wa nyumba, na jiko likiwa hapo mapokeo husema moto uko kwenye lango la mbingu. Watu huongeza metali ili kuutia nguvu upande huo, na moto unaendelea kuiyeyusha. Weka udongo: vigae vya manjano au kahawia, vyombo vya kauri na vya udongo wa kuchoma, jiwe. Moto utauzaa udongo badala ya kuishambulia metali, na udongo utaizaa metali. Nyekundu isiwepo ukutani. Sufuria na visu vihifadhiwe kabatini, visining'inie juu ya moto.

Mwaka 2026 nyota 2 imeingia upande huu pia. Usikimbilie kengele. Mahali penyewe ni metali na tayari panaunyonya udongo wa nyota hiyo. Kibuyu kimoja cha shaba, wu lou, kinatosha. Cha muhimu ni kwamba jiko la hapo linaulisha ule udongo kila siku, kwa hiyo usiongeze moto mwingine.

Dalili: usingizi umepotea chumbani

Kitanda cha chuma si laana. Kwanza kaza boliti zake, maana kitanda kinacholia kila ukigeuka kitakuamsha mwaka wowote na nyota yoyote. Saa yenye pendulamu itoke, kwa kuwa ni metali inayotembea na hufaa sebuleni au ukumbini. Kengele zitoke pia. Kama nyota 5 au 2 iko chumbani na lazima uweke metali, chagua iliyotulia: bakuli zito la shaba lisilo na maji, chini, mbali na kichwa. Godoro, shuka na ubao wa kichwani vikiwa vya rangi za udongo laini, usiongeze vingine vya rangi hiyo; umeshailisha nyota ya kutosha.

Dalili: walimu wawili wamekupa majibu yanayopingana

Huenda wote wako sahihi ndani ya shule zao. Wanaofuata dira huhesabu pande kwa sumaku na nyota kwa miaka. Wafuasi wa shule ya Kofia Nyeusi, iliyoenezwa Marekani na Lin Yun, huweka ramani ya bagua, yaani mgawanyo wa nyumba katika maeneo ya maisha kama mali na familia, kwa kufuata mlango wa kuingilia, bila dira. Mlango ukitazama Kusini, eneo ambalo wa kwanza analiita Mashariki, wa pili analiita kwa jina jingine kabisa, na metali inayofaa kwa mmoja inakata mti kwa mwingine. Kuchanganya nusu ya huyu na nusu ya yule ndiko kunakozaa nyumba zenye dawa kila kona.

Chagua shule moja. Toa metali zote za dawa, ziweke kwenye sanduku kwa wiki mbili, nyumba ipumue. Andika tarehe. Kisha rudisha kitu kimoja, mahali pamoja, kwa sababu moja unayoweza kuitaja kwa sauti: "Hapa kuna udongo uliozidi, ninaunyonya." Kaa nacho wiki kadhaa kabla ya kurudisha cha pili. Kile ambacho huwezi kukitajia sababu kibaki sandukuni, na ikifika tarehe 4 Februari ulifungue tena, kwa kuwa nyota zitakuwa zimehama.